Habari kwa Kiswahili, nyimbo kwa Kilingala

Kifungu cha kwanza cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba Kifaransa ndicho lugha rasmi ya nchi yetu, na kwamba lugha za taifa ni nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kinaongeza kwamba Serikali inahakikisha lugha hizo zinaendelezwa bila ubaguzi. Sisi wa kitivo cha lugha tunakifahamu kifungu hiki kwa kichwa, maana ni nadra kuona kazi ya mwisho wa masomo isiyokitaja katika utangulizi. Leo naomba tukitoe katika utangulizi, tukipeleke mahali ambapo raia hukutana nacho kila siku: kwenye redio ya taifa, na hasa katika zile dakika ambazo habari zimekwisha na muziki umeanza.

Hoja yangu ni moja. Redio ya umma imezigawia lugha zetu kazi, na hakuna sheria iliyoiambia ifanye hivyo. Kifaransa kimepewa hotuba. Kiswahili, pamoja na Kikongo na Tshiluba, kimepewa habari, matangazo ya mikutano, kampeni za chanjo na salamu za rambirambi. Kilingala kimepewa nyimbo. Mgawanyo huu unaonekana mdogo, kwani ni nani atakayegombana kwa ajili ya wimbo? Lakini lugha ambayo wananchi wenzetu wanaisikia katika habari tu, wasiisikie kamwe katika furaha, haijapewa haki yake hata kama inasomwa hewani kila siku saa ileile.

Msomaji asiyekubali asinisadiki mimi. Achukue daftari, agawe ukurasa safu mbili, afungue redio jioni tatu mfululizo. Safu ya kwanza aandike lugha ya kila wimbo. Safu ya pili aandike kile ambacho mtangazaji amesema juu ya wimbo huo kabla au baada ya kuupiga. Sitatoa hesabu zangu hapa, kwa sababu jioni chache za msikilizaji mmoja si utafiti. Nadhani tu kwamba safu ya kwanza itamfanya afikiri, na safu ya pili itabaki nyeupe.

Mimi ni mtu wa Lubutu, na Lubutu ni mahali pazuri pa kusikilizia jambo hili. Mji wetu uko kwenye barabara ya Kisangani na Bukavu. Ukielekea Kisangani, unakwenda kwenye mji ambamo Kilingala na Kiswahili vinaishi pamoja. Ukielekea Walikale, au ukishuka Punia hadi Kindu, Kiswahili ndicho kinachounganisha watu wenye lugha mbalimbali za wenyeji. Wengi wetu tuna Kikumu nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa shuleni. Kilingala kinatufikia kwa njia mbili, askari na wimbo. Madereva wanakijua, na vijana wanaosafiri wanakijua. Mama mkubwa wangu, anayeuza mawese sokoni, hakijui. Lakini anakiimba. Anaimba viitikio vizima kwa sauti nzuri huku akipima mafuta, na ukimwuliza wimbo unasema nini, hukujibu: "Mwanangu, unasema mapenzi." Siku moja nilimtafutia dereva amfafanulie. Wimbo ulikuwa unahusu mtu anayedaiwa. Alicheka sana, kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike: "Sasa huyu wa redio, yeye alikuwa anajua?"

Tuanze na askari. Kilingala kilifika mashariki mwa Kongo kikiwa kimevaa buti. Kilikuwa lugha ya Force publique, jeshi la wakoloni, na baadaye kikawa lugha ya jeshi la Mobutu. Wazee wengi wa kwetu walikisikia kwanza katika amri na kwenye vizuizi vya barabarani. Lugha iliyoingia kwa mlango huo ingeweza kuchukiwa hadi leo. Haikuchukiwa, kwa sababu nyuma ya askari walikuja Wendo Kolosoy, Kabasele, Franco na Tabu Ley. Wendo alitoa "Marie-Louise" mwaka 1948. Mwaka 1960 Kabasele na African Jazz walipiga "Indépendance Cha Cha" huko Bruxelles, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, na redio ikaufikisha wimbo huo mahali ambapo gazeti halikufika. Mtoto wa Maniema akajifunza kwamba lugha ya yule aliyemwamuru baba yake ashuke garini ni lugha pia ya mtu anayelilia mpenzi wake. Nyimbo zilikivua Kilingala buti.

Kiswahili nacho kiliingia Kinshasa kikiwa na buti. Askari wa AFDL walipita kwenye barabara yetu hii, wakauteka Kisangani mwezi Machi 1997, na tarehe 17 Mei mwaka huohuo wakaingia katika mji mkuu. Wakazi wengi wa Kinshasa hawakuwa wamewahi kukisikia Kiswahili kwa wingi namna ile, na walikisikia vinywani mwa watu wenye silaha. Tangu hapo, habari zinazotoka mashariki ni za vita. Majina ya miji yetu yanasomwa hewani pamoja na majina ya makundi yenye silaha na hesabu za wakimbizi. Mtu wa Kinshasa au wa Mbandaka anayetegemea redio ya taifa anaweza kuzeeka bila kujua kwamba katika lugha hii watu hubembeleza, hutaniana na hucheka. Nani atakivua Kiswahili buti, ikiwa wimbo wa Kiswahili haupigwi?

Najua jibu litakalotolewa kwanza: nyimbo za Kiswahili za Wakongo ziko wapi? Wanamuziki wakubwa wote waliimba Kilingala. Jibu hili si kweli, na ni kosa ambalo kitivo cha lugha hakipaswi kulinyamazia.

Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Katanga aliyeitwa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke. Gitaa lake lilisikika Afrika nzima, na Kiswahili cha Katanga kilisikika pamoja nalo. Yeye na Edouard Masengo walikwenda hadi Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwao. Baadaye zikafuata bendi nzima. Maquis walitoka Katanga wakafika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtindo wao mmoja waliuita Kamanyola, jina la mahali palipo Kivu Kusini, na Watanzania wakaucheza bila kuuliza pasipoti yake. Baba Gaston alipitia Dar es Salaam kabla ya kuhamia Nairobi, na mwaka 1976 baadhi ya wanamuziki wake wakajitenga wakaanzisha Les Mangelepa. Wimbo wake wa Krismasi bado unapigwa Kenya kila Desemba. Samba Mapangala ni mzaliwa wa Matadi, upande wa Kikongo kabisa. Alifika Nairobi, akaanzisha Orchestra Virunga, jina la milima yetu ya mashariki, akaimba Kiswahili kinachosikika kama alizaliwa nacho.

Na yuko mmoja anayetuhusu zaidi. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, ya mjomba wake, na baadaye akaongoza Super Matimila. Huko walimwita Dokta Remmy. Aliimba juu ya kifo, umaskini na unyonge kwa Kiswahili ambacho mkulima na profesa walikielewa sawasawa. Alipofariki Desemba 2010, Tanzania ilimzika kama mtu wake, na mpaka leo kuna mahali Dar es Salaam panapoitwa Sinza kwa Remmy. Mtaa wa mji wa kigeni umebeba jina la mtoto wa Kindu. Hebu ulizeni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa hapa kwetu Remmy Ongala alizaliwa wapi. Wengi watasema Tanzania.

Kwa nini sauti hizi zilikua Dar es Salaam na Nairobi, zisikue Kindu? Sababu ni nyingi: fedha, viwanda vya sahani, kumbi za dansi, siasa za wakati wa Zaïre. Lakini redio ya umma ni mojawapo, na ni ile tunayoweza kuizungumzia hapa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na studio yake na ilirekodi bendi ndani ya studio hiyo. Kulikuwa na kamati iliyosikiliza maneno ya nyimbo kabla ya kuruhusiwa. Mtangazaji alitaja bendi na mtindo wake, na msikilizaji wa kijijini alimjua mwimbaji kwa jina. Bendi ya kutoka Kongo iliyotaka kusikika ilijua kwamba lazima iimbe Kiswahili, na Kiswahili kinachoeleweka.

Sisemi kwamba redio ile ilikuwa malaika. Kamati inayosikiliza maneno inaweza pia kuyanyonga. Remmy Ongala huyohuyo alipotunga "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu wajikinge na ukimwi kwa kutumia kondomu, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wimbo uliojaribu kuokoa maisha ukabaki kwenye kanda na kwenye kumbi za dansi. Kwetu pia, mwezi Novemba 2021, tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo ilipiga marufuku "Nini Tosali Te" wa kundi la MPR, na marufuku hiyo ikaondolewa haraka baada ya watu kulalamika. Ninachotaka mwone katika visa hivi viwili ni kwamba wakubwa wanajua vizuri uzito wa wimbo hewani. Wanauogopa wanapoona hatari. Kwa nini basi hawaukumbuki wanapozungumza juu ya kuendeleza lugha? Zaidi ya hayo, siku zile za Novemba, baadhi yetu Lubutu tulianza kwa kuuliza jina la wimbo lina maana gani. Nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya maneno ambayo sehemu kubwa ya nchi haikutafsiriwa.

Hapo ndipo ninapofika kwa watangazaji, maana uchaguzi wa nyimbo ni nusu tu ya kazi. Sitaki mtangazaji anayepiga Kiswahili peke yake. Naipenda rumba kama Mkongo yeyote, na nilifurahi UNESCO ilipoiandika katika urithi wa dunia Desemba 2021. Ninachotaka ni mtangazaji anayeufungua wimbo kabla ya kuupiga. Sentensi tatu zinatosha: nani ameimba, ametoka wapi, wimbo unasema nini. Kwa mfano: "Mnayemsikia sasa ni Franco na OK Jazz. Alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938. Wimbo ni wa Kilingala, na mwimbaji analalamika kwamba ndugu zake wanamjua siku ya mshahara tu." Kwa sentensi hizo, mama mkubwa wangu hapotezi utamu wa wimbo hata kidogo, na anapata wimbo mzima badala ya nusu yake. Vivyo hivyo, mtangazaji wa Kinshasa akimpiga Remmy Ongala, aseme kwa Kilingala kwamba huyu ni mwana wa Kindu na kwamba anawaimbia wanyonge. Hiyo ndiyo tafsiri inayoliunganisha taifa, na haihitaji bajeti.

Mtangazaji mmoja anaweza kufanya mengi. Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi "Je, Huu ni Ungwana?" kwenye redio ya taifa ya Kenya mwaka 1966, akakiendesha kwa zaidi ya miaka 50. Alizungumza juu ya adabu za kila siku tu, lakini Wakenya wa makabila mengi walikipata Kiswahili chao kizuri kwake. Hapa kwetu, Redio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002 ikiendeshwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, ilithibitisha kwamba inawezekana kutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa bila kuifanya moja iwe mdogo wa nyingine. Kama ilivyowezekana kwa habari, itawezekana kwa nyimbo.

Naja kwenye pingamizi la pili, ambalo najua linatoka humu kitivoni. Baadhi ya walimu wetu watasema: Kiswahili gani? Watangazaji wetu wanasema "batoto" badala ya "watoto", wanachanganya Kifaransa katika kila sentensi, na nyimbo za vijana wa Kindu na Goma ni hivyohivyo. Tukizipiga, tutaeneza makosa. Ninawaheshimu walimu wangu, lakini hapa siafikiani nao. Kiswahili chetu kina umri. Kilifika Maniema na misafara ya pwani katika karne ya 19, kikakaa Nyangwe na Kasongo, na jina lake la Kingwana linakumbusha waungwana waliokileta. "Batoto" si kosa la mtu asiyejua. Ni matamshi ya watu waliokipokea Kiswahili na kukiweka juu ya lugha za kibantu walizokuwa nazo tayari. Mwenda wa Bayeke hakusubiri kamusi ya Dar es Salaam ndipo aimbe. Mtangazaji anaposoma habari, asome Kiswahili sanifu, nakubali. Anapoongea na wasikilizaji kati ya wimbo na wimbo, aongee Kiswahili cha Maniema kilicho safi, kinachomaliza sentensi zake bila kuazima Kifaransa kwa sababu ya uvivu. Hizo ni ngazi mbili za lugha moja, na sisi ndio tunaofundishwa kuzitofautisha.

Pingamizi la tatu ni la sheria. Wengine wanapendekeza kiwango: asilimia fulani ya nyimbo za Kiswahili, Kikongo na Tshiluba kwa lazima. Wanaoona jambo hili ni la ajabu wakumbuke kwamba nchi ambayo lugha yake ndiyo rasmi kwetu imelifanya. Sheria ya Ufaransa ya 1994, iliyoanza kutumika 1996, ilizitaka redio zipige angalau asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa katika saa ambazo watu wengi wanasikiliza, na nusu ya hizo ziwe za wasanii wapya au kazi mpya.  Ikiwa Kifaransa, chenye shule, vitabu na akademia yake, kilihitaji ulinzi huo, sioni aibu kwa Tshiluba kuuomba. Hata hivyo, sheria peke yake ina mipaka. Mwaka 1980 redio ya taifa ya Kenya iliamriwa ghafla ipige kwa wingi muziki wa Kenya, na amri hiyo haikudumu. Amri ya ghafla, bila maktaba ya nyimbo na bila mtangazaji anayeupenda muziki anaoupiga, inamfanya msikilizaji azime redio.

Kwa hiyo, kabla ya kuwaandikia wabunge, tuna kazi ya kufanya wenyewe. Kitivo hiki kina wanafunzi wanaozungumza lugha zote nne za taifa, pamoja na Kikumu, Kilega na nyingine nyingi ambazo Katiba, katika kifungu kilekile, inaziita urithi ambao Serikali inaulinda. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, somo la tafsiri litoe kila muhula kadi za nyimbo: upande mmoja jina la wimbo, mwimbaji, mwaka na mahali, upande wa pili muhtasari wake kwa Kiswahili. Kadi hizo zipelekwe bure kwenye studio za Kindu. Mtangazaji mwenye haraka atasoma kilichoko mezani, basi tumwekee kitu mezani. Pili, kila anayekwenda nyumbani likizo arudi na nyimbo tatu zilizorekodiwa kwa simu, kwa ruhusa ya waimbaji na majina yao yakiandikwa: za ngoma, za kubembeleza watoto, za kazi. Wazee wanaoziimba hawatatusubiri. Tatu, tumsome Remmy Ongala darasani kama tunavyowasoma washairi, kwa sababu ndiye mtu wa mji huu ambaye maneno yake ya Kiswahili yamewafikia watu wengi sana, na sioni sababu ya kuwaachia Watanzania peke yao kazi ya kumkumbuka.

Mama mkubwa wangu alitaka kujua kama mtu wa redio alikuwa anaelewa wimbo alioupiga. Swali hilo lingeweza kuwa mtihani wa kuajiri watangazaji wa redio ya umma. Mgombea apewe nyimbo nne, moja kwa kila lugha ya taifa, aambiwe afafanue kila mmoja kwa sentensi tatu kwa lugha ya studio anayoiomba. Atakayeshindwa arudi kusoma, na kuna kitivo kinachoweza kumpokea.